Sauti Niliyomkopesha Bi Muriel

Guangzhou,
8 Julai 2007

Mpendwa Dada Bertila,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba vumbi la kiangazi halijawaangusha kwa mafua kama mwaka jana. Mimi ni mzima wa mwili. Joto la huku ni la kutoka jasho hata ukiwa umekaa, na nguo nilizofua juzi bado zina unyevu. Mitihani imekwisha. Nadhani nimefaulu, hata lile somo la udongo na misingi ya majengo lililonikondesha.

Barua hii anakuletea Elisante, kijana wa Karagwe ninayesoma naye. Mpe chai na umpikie ndizi, amezitamani mwaka mzima. Najua utashangaa kwa nini mtu mwenye kadi ya simu anaandika barua ndefu kama ya posa. Sababu ni kwamba naogopa kupiga. Hasira ninazo, na nitazisema, lakini si hasira zinazonizuia. Naogopa kitakachotoka kinywani mwangu.

Tangu katikati ya Mei, kila Jumapili nikipiga naomba nizungumze na Mama, nanyi mnanipa safari zake. Mara amekwenda Muleba kumwona shangazi. Mara yuko jumuiya. Mwisho wewe mwenyewe ukasema sauti imemkauka na daktari amemkataza kuongea. Dada, Mama akatazwe kuongea na nani? Padri alijaribu akashindwa. Tangu siku hiyo nilikuwa nataka kujua kitu kimoja tu, kama mama yetu yu hai, na hakuna kati yenu aliyenijibu.

Sasa nikueleze kazi niliyokuwa nafanya, maana huko ndiko jibu lilikotokea. Yupo Mkenya mmoja anaitwa Erastus, ana ofisi kwenye jengo la Tianxiu Dasha, na Wachina wote pale wanamwita laoban, yaani bosi, kwa sababu hana dogo. Anasafirisha viatu vya soko la Zhanxi na simu na chochote kinachoingia kwenye kontena. Mwanzoni mwa mwaka huu alipata wazo la kutengeneza sidii za michezo ya runinga yenye sauti za Kiswahili. Unazijua zile kanda za kwenye vibanda vya video, ambapo mtu mmoja anatafsiri wote, mwanamume, mwanamke na mbwa. Erastus alitaka kila mtu awe na sauti yake. Akachukua wanafunzi, Elisante kwa wanaume na mimi kwa wanawake, na akakodi chumba juu ya mgahawa pale mtaa wa Xiaobei, kuta zimefunikwa mablanketi ili honi za nje zisiingie.

Mchezo wenyewe ni wa Waingereza, wa mtaa mmoja wa nyumba za matofali zilizobanana kama meno. Umeanza kabla Mama hajaolewa na haujaisha hadi leo. Waigizaji wameingia vijana wakatoka wazee, lakini yupo bibi mmoja ambaye hatoki. Anaitwa Bi Muriel Stott. Ana duka la samaki na viazi vya kukaanga, na kazi yake kubwa ni kukaa mlangoni na kuusema mtaa mzima. Hakuna anayepita pale akabaki na heshima yake. Wanaye wanamwogopa, wakwe wanamkimbia, na mtu akipatwa na shida ya kweli ni yeye wa kwanza kumpelekea chakula, huku akimtukana. Nadhani umekwisha kumfahamu.

Siku za kwanza nilimsemea kwa Kiswahili safi cha shule. Erastus akasimamisha kila kitu. Akasema, "Kalista, hiyo ni sauti ya mwalimu wa Sunday school. Huyu ni mathe mwenye mtaa wake, anaongea na watu wananyamaza." Niliudhika. Nikavuta pumzi, nikamwangalia Bi Muriel akimpokea kijana aliyevaa suti mpya, na badala ya maneno niliyoandikiwa nikasema vile angesema Mama: "Umependeza. Umeazima kwa nani?" Elisante alicheka hadi akatoka nje. Basi tangu hapo ikawa hivyo. Nilimtoa Mama yetu nikamvalisha mwanamke wa Kizungu mwenye kitambaa kichwani. "Mimi sina ubaya, nina macho tu." "Kaa chini, hata mkopo unakaa." Yote yale tuliyokua tukiyakimbia jikoni nilimpa Bi Muriel, na yalimwenea.

Nakiri nilifurahi. Mtu akiwa ugenini anatafuta mahali pa kumsikia mama yake, na mimi nilimsikia kila Jumanne na Alhamisi, nikalipwa juu yake.

Kisha ikafika Mei na simu zenu za Muleba, na kazi ikabadilika. Zamani nilikuwa nahangaika kuishusha sauti hadi koo linaniuma. Sasa ilikuwa inashuka yenyewe. Nilikuwa nafungua mdomo na inatoka, nzito, na ule mkwaruzo wake wa asubuhi. Elisante akaacha kucheka. Siku moja alisikia sauti yangu mlangoni akanisalimia shikamoo, kisha akakasirika, akadhani namchezea makusudi.

Yupo fundi mitambo anaitwa Liang, hajui Kiswahili hata neno jambo. Kazi yake ni kuangalia midomo. Mzungu akifunga mdomo, Liang anainua mkono, nasi tunanyamaza, maneno yakizidi anakata. Alhamisi moja mwanzoni mwa Juni aliinua mkono, mimi nikanyamaza, naye akabaki ameuinua. Akazidi kuuinua. Mwishowe akavua vile vya masikioni akaniambia kwa kile Kichina chake cha polepole anachotutumia wageni, kwamba mdomo umefungwa zamani, kwa nini naendelea. Nikamwambia nimenyamaza, na Elisante akaapa kwamba nimenyamaza. Liang akacheza mkanda.

Dada, tulisikia wote watatu. Bi Muriel anamaliza kumsema mkwewe, anafunga mdomo, anaangalia barabara. Na sauti inaendelea: "Hayo makochi yangu nani ameyatoa nje? Mvua inakuja, na nyie mmekaa tu na midomo yenu."

Mimi nikimwiga Mama kuna mahali huwa nashindwa. Ni pale anapovuta pumzi kidogo kwa pua kabla ya kumsema mtu, sijawahi kuipata pumzi ile. Katika mkanda ilikuwapo. Liang aliwasha taa zote, akainua mablanketi nyuma yangu moja moja, akauliza yule bibi amepita wapi. Erastus alipokuja kusikiliza alisema tusiikate, ni tamu, watu wa nyumbani wataipenda. Yeye ni mfanyabiashara, hata mzimu angeuuliza bei ya jumla.

Nilirudi bwenini nikakaa kitandani na viatu. Unajua kwetu makochi hayatoki nje ovyo. Mama hakuwaruhusu hata wanao wayakalie bila kunawa, na vile vitambaa alivyofuma alivihesabia kila mgeni akiondoka. Yametoka siku ya kukuaga ulipoolewa, na yametoka siku ya kumzika Baba. Sebule haitolewi makochi ila watu wengi wanakuja kukaa chini. Harusi mngeniambia. Harusi mngeniomba na mchango.

Usidhani nilikubali siku ile. Nilijiambia ni joto, ni kukosa usingizi, ni mtihani. Nilisoma kama mtu anayefukuzwa. Kwenye chumba cha mtihani nilikuwa najibu maswali ya udongo, namna unavyotitia chini ya uzito, na nikayafuta majibu mara mbili kwa sababu niliyoijua na sikuitaka.

Mtihani wa mwisho ulipoisha nilikwenda moja kwa moja kwenye kile kibanda cha simu chini ya Tianxiu, mchana hapa, asubuhi huko. Sikupiga kwako. Wewe ni hodari wa kupanga maneno, ungenipeleka Muleba tena. Nilipiga namba ya Mama, ambayo tangu Mei nilikuwa naogopa kuipiga, nikijua kama hayupo atakayeishika simu ile ni mdogo wetu Anatory anayekaa naye, na Anatory hajui kudanganya, tangu utotoni uongo humtoka masikioni. Nilikuwa nimejiandaa kusema, Anatory, nipe Mama.

Alipokea. Akasema haloo. Nami nikafungua mdomo, na kilichotoka ni ile pumzi ya puani, kisha sauti ya Mama, ikamuuliza Anatory kama makochi yake wameyarudisha ndani.

Mdogo wako mwenye ndevu, mtu mzima anayefundisha watoto wa watu, akaitika, "Shikamoo Mama." Kwa adabu kabisa, kama vile ametoka kuchota maji. Akasema, "Tumeyarudisha, Mama. Yalilowa kidogo tu siku ya mazishi, tukayaanika." Kisha akaanza kulia.

Ndivyo nilivyoambiwa, Dada. Mama amekufa na mmemzika, na mimi nimeambiwa na Anatory ambaye hakujua kwamba ananiambia mimi.

Sasa ninalokuungamia ni hili, na ndilo linaloniogopesha hadi naandika barua. Baada ya neno mazishi sikumbuki nilichosema. Nakumbuka nimekamata mkonga wa simu, nakumbuka kioo cha kibanda kina mvuke. Nilipopata akili kadi ilikuwa imekwisha, na ilikuwa kadi mpya. Mama wa Kichina mwenye kibanda alinipa karatasi ya kufutia uso, akaniuliza nilikuwa namgombeza nani muda wote ule. Nikamwambia sijui. Akasema nimegombeza, kisha nimecheka, kisha nimeongea taratibu kama anayemlaza mtoto. Sikuwa mimi. Au kama ni mimi, sikuwa peke yangu.

Anatory pengine hajakuambia, akiogopa mtadhani amechanganyikiwa. Mwambie akili zake ni nzima. Simu ilipigwa kutoka China na aliyeishika ni dada yake. Hilo ndilo ninaloweza kuapa.

Tangu siku hiyo sauti imeniacha. Jumanne iliyofuata nilikaa mbele ya kinasa sauti, Bi Muriel akafungua mdomo mlangoni kwake, nami nikafungua wangu, ikatoka hii yangu nyembamba mnayonicheka nayo kanisani. Tukarudia. Erastus akaninunulia chai ya tangawizi, akadhani nimeshikwa na koo. Nimekaa pale nikimwangalia yule bibi anaongea na anaongea na hakuna kinachosikika, hadi Liang akazima bila kuambiwa. Wamemtafuta msichana mwingine. Zilizokwisha kurekodiwa ziko kwenye kontena bandari ya Nansha zinangoja meli, kwa hiyo siku mkipita kwenye kibanda cha video mkamsikia Mama anamsema Mzungu, msikimbie. Simameni mumsikilize.

Hasira yangu sasa. Najua ni kikao cha baba wadogo kilichoamua nisiambiwe hadi nimalize mtihani, na najua waliona wananihurumia. Kila nyumba kwetu inafanya hivyo na hakuna aliyewahi kumuuliza anayefichwa. Mmeninyima kulia na wenzangu. Nimelia peke yangu kwenye kibanda cha simu, mbele ya watu wanaonunua vifuniko vya simu kwa jumla, na arobaini ya mama yangu ilipita wakati mimi nakariri aina za udongo. Nimeumia, Dada, na nitaumia muda mrefu. Lakini sitaki ukae na hatia usiku na mchana. Ningekuwa huko, ningekaa kwenye kikao kile na ningeinamisha kichwa kama wewe.

Nisalimie shemeji, na watoto, na shangazi wa Muleba ambaye mmemtembeza sana mwaka huu bila yeye kujua. Baba wadogo wape shikamoo zangu na waambie mtihani nimeumaliza, wasihangaike tena kunificha. Kaburini nipelekee maua yoyote, si lazima yawe ya kununua.

Na ukikaa na Anatory, mkiwa wawili, muulize kwa upole Mama alimwambia nini baada ya makochi. Alikuwa anapita kinywani mwangu na mimi sikusikia. Kama alinitaja, niandikie alivyosema, neno kwa neno, hata kama alikuwa ananisema vibaya.

Mdogo wako akupendaye,
Kalista