Ua la Ushirika na Mbwa Wako Jimi

Mama,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote. Siku tulipokuzika sikulia. Watu walisema mimi ni jasiri, wengine wakasema ni mshtuko, na mimi nikainamisha kichwa vile ninavyofanya mwalimu akiuliza swali. Nililia baadaye, sakafuni jikoni, nikiwa nimempakata Jimi, mdomo wake umevimba na mate yanamtoka kama povu la sabuni. Nililia mpaka nikakosa pumzi. Kwa ajili ya mbwa, Mama. Naona ni wewe tu ambaye hutanicheka.

Acha nikueleze. Kina mama wa ushirika wa kanisa hawakuleta shada. Walisema shada hunyauka, kwa hiyo wakanunua ua la kwenye chungu, lile la majani mapana yenye madoa meupe, wakalifunga utepe wenye jina lako. Anti Wanjiru, mdogo wako, ambaye anakaa kwetu tangu msiba, akaliweka sakafuni chini ya picha yako, kando kabisa ya mkeka wa Jimi. Mwanzoni hata mimi nililipenda.

Lakini Jimi unamjua. Akiwa mpweke hutafuna. Ulipokuwa hospitali alimaliza ndara zako. Safari hii alitafuna jani. Alijaribu kubweka, sauti haikutoka.

Na unajua wapangaji wenzetu wa ploti walisemaje? Baba Brayo wa chini alipanda na taulo kiunoni, akatangaza, "Huyo amewekewa sumu. Wezi wakitaka nyumba, kwanza wananyamazisha mbwa." Basi ikawa hivyo. Baba akanunua kufuli kubwa zaidi. Ploti nzima ikaanza kumwangalia vibaya yule kijana anayebeba takataka, eti kwa sababu Jimi humbwekea. Kumbe mwizi mwenyewe tulimpokea kwa nyimbo na maombi, tukamweka sebuleni.

Mimi niliona jani lenye alama za meno. Nikalipiga picha, nikatafuta kwenye simu. Kwa Kiingereza ua hilo lina jina refu na maonyo tele: utomvu wake huchoma mdomo na koo la mbwa, na koo likivimba sana anashindwa kupumua. Kwa Kiswahili sikupata jina lake. Hapa kwetu ni ua la sebuleni tu, na kitu kisicho na jina baya nani atakiogopa? Nilimwosha Jimi mdomo kwa maji, nikampigia yule daktari wa mifugo wa Njiru, ile namba uliyobandika kwenye friji. Akasema nisimlazimishe kutapika, tumlete haraka. Baba akambeba. Akadungwa sindano, akapona. Na daktari akamwambia Baba waziwazi: ua hilo liondoke, au likae mahali mbwa hafiki.

Halijaondoka. Nililipandisha juu ya kabati, nikirudi kutoka shule liko sakafuni. Nikalitoa nje kwenye kibaraza, likarudi, tena limepanguswa vumbi. Nilipojikaza nikasema, mbele ya wageni, Anti alicheka. "Mbuzi wa nyanya yako wanakula majani yote ya Murang'a na sijasikia mmoja amelazwa. Saa hizi wewe ni daktari wa mbwa?" Wageni nao wakacheka. Sauti yangu ikaishia hapo. Unajua inavyoisha.

Halafu akasema neno lenyewe. "Hilo ua ndilo dada yangu sasa. Dada yangu hatolewi nje kwa sababu ya mbwa."

Mama, nilikasirika. Wewe si ua. Wewe ndiye uliyening'iniza mkebe wa mshubiri kwenye grili ya dirisha kwa waya, baada ya Jimi kuulamba akaharisha juu ya zulia la wageni. Hukumpiga. Ulisema, "Mwenye akili hapa ni nani, mimi au yeye? Basi mimi ndiye nitasogeza." Ukapiga magoti, ukasugua zulia huku unaimba. Huyo ndiye dada yake. Mbona Anti hamkumbuki huyo? Anakumbuka utepe.

Sasa wameamua. Jumamosi ushirika unakuja kwa maombi ya shukrani, na kabla ya hapo Jimi apelekwe Majengo kwa rafiki wa Anti, afungwe mnyororo alinde banda la mitumba. Ati mbwa ndani ya nyumba ya msiba si picha nzuri. Yaani aliyeumizwa ndiye anafukuzwa, na aliyeumiza anamwagiliwa maji. Nilimwangalia Baba tu. Akasema, "Mwachilie anti yako. Amefiwa na dada." Na mimi je? Mimi nimefiwa na nani? Sikumwuliza. Nilienda kuosha vyombo.

Jimi bado hulala mlangoni pa chumba chenu. Asubuhi hunusa chini ya mlango, halafu ananitazama kana kwamba ninakuficha mahali. Akiondoka yeye, nani mwingine humu ndani atakusubiri bila kuona haya? Sisi wengine tunajifanya tumezoea.

Sisemi ua litupwe. Wale kina mama walilileta kwa upendo, hilo najua. Likae kanisani, karibu na mimbari, na utepe wake, mahali hakuna pua ya mbwa. Nakuahidi, kesho kabla Anti hajaamka nitalibeba mwenyewe hadi kwa mke wa mchungaji, nimweleze kwa mdomo wangu, hata kama nitaongea nikiangalia viatu vyake. Na Jimi haendi Majengo. Wakimpeleka, wanipeleke naye.

Nasikia Baba anapanda ngazi. Ametoka kazini, anaburuta mguu kidogo, ndivyo anavyotembea siku hizi. Siku nyingine ningekuwa nimeshaisukuma karatasi hii chini ya godoro. Leo inabaki mezani, maneno yakiangalia juu, ayasome.

Ameshika kitasa. Pumzika, Mama. Nimemvutia Baba kiti.