Karani wa Shamba la Ngano

Mukurweini,
Agosti 14, 1971.

Kwako dada Kagure,

Sisi huku tu wazima. Ng'ombe wetu amezaa ndama jike, na kahawa ya baba yako, ami yangu, imeiva. Mimi ndiye ninayemchumia, maana kazi nyingine sina. Mama hajaacha kukuombea. Kila Jumapili anamsihi Mungu alainishe moyo wa meneja wenu, akubali kuniajiri.

Mwaka jana, ulipokwenda kufagia ofisi ya shamba la ngano huko Timau, nilikukabidhi cheti changu cha taipu umwonyeshe huyo meneja. Kila nilipokuuliza ulijibu, "Bado, vumilia." Nikavumilia. Nimebisha milango ya Nyeri mpaka nikachoka, na kila ofisi inataka cheti kabla ya salamu.

Jumanne nilikuja Timau mwenyewe. Askari wa langoni aliniuliza jina, nikamtajia. Akacheka.

"Ati Warigia Ngatia? Huyo ni karani wetu. Si yule pale dirishani!"

Nikatazama. Ulikuwa unapiga taipu kwa vidole viwili, Kagure.

Nilimwambia askari nimekosea shamba, nikarudi nyumbani. Mama sijamwambia. Jina hilo la Warigia ni la marehemu mama yake, ambaye kwako wewe hata si nyanya.

Juu ya bahasha nimeandika jina langu ili barua ikufikie. Wakiliita hapo ofisini, itika. Si umeshazoea?

Ni mimi,
Warigia Ngatia,
mchuma kahawa wa baba yako.