Ulijua Ulipomshika Kidevu

Mama yangu mpendwa uliye Voi,

Nimeianza barua hii mara kadhaa nikaifuta, kwa sababu kila nikianza najikuta nakujulia hali kwa kirefu, kama ulivyonilea. Leo sikujulii hali. Najua uko salama, Mama Mdogo ananiambia. Tangu ile simu yetu ya mwisho hujanipigia, wala mimi sijakupigia. Basi niyaseme hapa yale ambayo kwenye simu hukunipa nafasi ya kuyasema.

Unakumbuka ulivyokuja Durban, Elia akiwa na majuma machache tu? Ulitoka uwanja wa ndege umevaa koti zito, maana kuna mtu alikudanganya kwamba Afrika Kusini ni baridi mwaka mzima. Ukatiririkwa na jasho mpaka nyumbani kwetu Glenwood na bado ukakataa kulivua, eti umelinunua kwa safari. Begi zima lilikuwa la unga wa wimbi. Siku ya pili tumbili wakaingia jikoni kupitia dirishani wakabeba ndizi. Mimi nilikimbilia chumbani na mtoto, wewe ukawafuata na mwiko mpaka kwenye ngazi, ukarudi unahema: "Hawa ni watoto tu. Waje Voi wawaone nyani wenyewe." Papa Elia alicheka mpaka akakaa sakafuni. Ulikuwa umechukua muda mrefu kumkubali huyo mume wangu Mkongomani, fundi wa mashine kiwandani Pinetown, na siku ile nilidhani mambo yamekwisha kati yenu. Nilikuwa na furaha sana, Mama.

Elia hakuwa ananyonya vizuri. Maziwa yalimtokea puani na kilio chake kilikuwa chembamba, hata jirani wa ukuta mmoja hakujua tuna mtoto. Kliniki walinitaka niwe na subira. Wewe ulimchukua ukamkalisha wima pajani, ukaweka kidole cha kati chini ya kidevu chake, kidole gumba na cha shahada ukavibana taratibu mashavuni, ukamwekea maziwa kidogo kidogo kwa kijiko. Akameza. "Polepole," uliniambia. "Mngoje ameze ndipo umpe tena. Na usimlishe amelala, maziwa yataingia kifuani." Nilikuangalia nikaona hivi ndivyo mabibi walivyo, wanajua tu. Nikaenda kujisifu kanisani kwamba mama yangu ni daktari.

Kuna jambo lingine niliona siku zile nikalipuuza. Ulikuwa unamwogesha kwa mara ya kwanza. Ulimnyanyua kwa makwapa, na mabega yake yakapanda, mwili ukateleza kati ya mikono yako kama nguo mbichi. Ukasimama pale bila kusogea. Nikauliza, "Mama, kuna nini?" Ukasema maji yamepoa. Maji yalikuwa yanatoa mvuke. Ulikuwa umeniahidi utakaa mpaka mjukuu wako aanze kukaa, ila juma lile lile ukaanza kuzungumzia mbuzi wako na akina mama wa kanisa wasioweza kufanya lolote bila wewe. Ukaondoka hata kichwa hajainua.

Na hakukiinua. Watoto waliozaliwa naye walikaa, wakatambaa, wakaanza kuvuta vitambaa vya meza, naye Elia alibaki pale nilipomlaza. Tukapelekwa hospitali kubwa, kwa madaktari wa magonjwa ya kurithi. Muuguzi alichora ukoo wetu, mraba kwa wanaume, duara kwa wanawake, halafu akaniuliza: kwenu, kuna mtoto wa kiume aliyefariki mdogo, au ambaye hakuwahi kukaa wala kutembea? Nikamwambia ngoja. Nilitoka nje kwenye korido nikakupigia palepale. Ulikuwa sokoni, nilisikia watu wakibishania bei ya nyanya. Nilikuuliza vile vile nilivyoulizwa. Ukaniomba nirudie, nikadhani ni mtandao. Kisha ukasema: "Hapana. Kwetu wote wazima. Waulize upande wa huyo Mkongomani."

Nikarudi ndani nikasema kwetu wote wazima.

Papa Elia alimpigia mama yake Lubumbashi. Yule mzee wa watu alianza kuwataja watoto aliowazika, huyu surua, huyu malaria, huyu hakumbuki tena, na kwa kila mmoja akajiuliza kama ndiye. Mume wangu alikata simu akakaa na mikono magotini. "Mama iko analia," aliniambia. "Anasema labda ni yeye alitupatiaka hii magonjwa." Miezi iliyofuata madaktari walitafuta huku na kule, damu ikatolewa kwa mtoto mpaka mishipa ikajificha, na mume wangu akabeba hatia isiyo yake akaenda nayo kazini na kurudi nayo. Aliacha kuwapelekea nduguze picha za mtoto. Wewe kila Jumapili ulipiga simu kuuliza, "Wamepata nini?" Nikakujibu bado, nawe ukasema tuombe. Nilikuwa nakushukuru kwa maombi yako.

Kilichokufichua ni kidole chako. Hospitalini kuna msichana wa Kizulu anayefundisha wazazi namna ya kuwalisha watoto wenye shida ya kumeza. Siku hiyo alitaka kuniona nikimlisha Elia kabla hajanielekeza lolote. Nikamkalisha wima, kidole chini ya kidevu, viwili mashavuni. Akaweka kalamu chini. "Hawu, Mama Elia, nani alikufundisha kumshika hivi?" Nikamwambia ni mama yangu. Akauliza kama wewe ni muuguzi. Nikasema hapana, ana kibanda cha mboga. "Basi alishawahi kulea mtoto wa namna hii," akasema, akaendelea na kazi yake. Hakujua amesema nini. Nilipanda taxi na maneno yale, nikapitiliza kituo changu, ikabidi nirudi kwa miguu na mtoto mgongoni nikipanda kilima.

Nilimpigia Mama Mdogo, si wewe. Nisamehe kwa hilo ukitaka. Mwanzoni alisema si lake kulisema. Nilipomwambia kwamba Elia anatolewa damu kila mara kwa sababu ya jibu lako, akalia, akasema. Kabla yangu kulikuwa na mvulana, aliitwa Mwakio. Hakuwahi kukaa. Ulimlisha nyuma ya nyumba, kwa kijiko, kidole chini ya kidevu, kwa sababu Bibi mzaa baba hakutaka wageni wamwone. Alisema umeleta damu mbovu nyumbani kwake. Ulirudishwa kwa wazazi wako na mtoto mgongoni, ukaja kuchukuliwa baada ya mtoto kufa. Na Baba hakutia neno. Mwaka uliofuata ndipo nilipozaliwa mimi, ambaye maisha yangu yote umenitambulisha kwa watu kama kifungua mimba wako.

Nilimlilia Mwakio, Mama. Nilikulilia na wewe pia, msichana mdogo vile, nyuma ya nyumba na kijiko chako. Sitaki udhani sikuona ulivyoumizwa.

Niliwaambia madaktari, na sasa wakajua pa kutafuta. Jina la ugonjwa ni refu, limejaa herufi na tarakimu, sikuandikii. Unapita kwa mama ukamkamata mtoto wa kiume. Mimi ninaubeba, wewe uliubeba. Daktari alipomaliza kueleza, Papa Elia alifunika uso kwa kofia yake ya kazini. "Donc, kumbe haikuwa mimi," akasema. Hakusema kwa hasira. Alitoka nje kumpigia mama yake, nami nilimsikia kupitia mlango akirudia rudia, "Haiko wewe, Mama. Haiko wewe." Ningependa ungekuwepo usikie.

Ndipo nikakupigia. Nilikuwa nimejiandaa kukubembeleza. Nilidhani utalia, au utaniambia pole, na mimi ningesema basi, yamepita. Neno lako la kwanza lilikuwa: "Nani amekuambia?"

Ukasema ulidhani limeishia kwako. Ukasema uliomba, ukafunga, nawe ulipotuzaa mimi na mdogo wangu Wakesho, wasichana tupu, ukajua Mungu amesikia. Haya yote ningeyapokea. Kisha ukashusha sauti kana kwamba kuna mtu mlangoni: "Wakesho asijue. Aolewe na Mwadime kwanza." Nikadhani sikusikia vizuri. Ukaendelea: "Watu wa Mwadime wakipata habari watamkataa. Wazee wameshakuja nyumbani, chai imenyweka. Unataka kumharibia mdogo wako?"

Hapo ndipo nilipokukasirikia kweli, na hasira hiyo ninayo mpaka naandika hapa. Kwa miaka ile ya Mwakio ninakuelewa. Kulikuwa na mama mkwe, kulikuwa na mume asiye na mdomo. Lakini nyumbani kwangu Glenwood kulikuwa na nani? Mimi, wewe, na mtoto kwenye beseni. Ulimwogopa nani pale? Ulimnyanyua, ukamtambua, ukafunga begi lako ukaniacha naye. Ulimwacha mwanamke mwenzako kule Lubumbashi ahesabu makaburi yake kwa ajili ya ugonjwa wetu. Na sasa ulitaka nimtendee Wakesho yale uliyonitendea mimi, tena niyaite upendo.

Nikuambie Elia alivyo, kwa sababu hujauliza. Anakaribia miaka miwili. Anakaa akizungushiwa mito, na juzi alikaa bila mto mmoja kwa muda wa kutosha mimi kumwita baba yake atoke bafuni aje aone. Anacheka akisikia funguo za baba yake. Hapendi kofia. Anapenda mtu amwimbie karibu na sikio, lolote lile, hata bei za vitu. Sijui atafika wapi, na madaktari nao hawajui. Ninachoka, Mama, ninachoka kiasi kwamba siku nyingine nakaa ndani ya bafu kavu na nguo zangu ili tu nisiguswe na mtu. Nampenda mpaka naogopa. Nilitaka kuyaongea haya na mtu aliyewahi kuyapitia, na kumbe mtu huyo ndiye aliyenizaa.

Wakesho huja kila Jumamosi kutoka Pinetown akitoka dukani kwake. Anamfunga Elia mgongoni kwa taulo, kama wanawake wa huku, anazunguka naye nyumba nzima akimsimulia wateja wake. "Mimi nataka watano kama huyu," husema. Jumamosi moja alisema hivyo, mimi nikashindwa kujizuia. Nilimketisha mezani, akiwa anamlisha Elia uji, nikamwambia yote: Mwakio, mimi, na kwamba huenda yeye anaubeba na huenda haubebi, kipimo cha damu kitasema.

Hakulia. Aliendelea kumlisha mpaka bakuli likaisha. Halafu akauliza, "Mama anajua?" Nikamwambia anajua. "Tangu lini?" Nikamwambia. Akamfuta Elia mdomo, akakunja kitambaa, akakunjua, akakikunja tena. "So siku ile kwenye video call tunachagua kitenge cha harusi," akasema, "alikuwa anajua."

Wakesho mwenyewe alimwambia mchumba wake Mwadime, siku iliyofuata. Walienda Bluff, wakakaa wakitazama meli zinavyoingia bandarini, akamweleza. Mwadime alisikiliza mpaka mwisho, akaomba apewe muda wa kufikiri. Bado anafikiri. Kwa hiyo huenda yale uliyoyaogopa yatatokea, nami sijifanyi siyaogopi. Yakitokea utasema ni mimi niliyemvunjia mdogo wangu nyumba. Sema. Wakesho mwenyewe nilimuuliza kama ananilaumu. "Eish, dada," akajibu, "kama ni kukimbia, akimbie sasa. Asinikimbie nikiwa na mtoto mkononi." Aliyasema hayo huku macho yamevimba, usidhani ni mtu wa chuma.

Wiki ijayo tunakwenda kupima damu yake. Ameniomba nimshike mkono wakati wa sindano, mtu mzima yule. Bado anaziogopa. Unakumbuka kule zahanati ulivyokuwa unamficha uso kifuani mwako na kumwambia ahesabu vifungo vya gauni lako? Alinikumbusha hilo yeye mwenyewe, akatabasamu. Na hapohapo, kabla tabasamu halijamtoka, akaniomba jambo la pili. "Dada, majibu yakitoka, yawe mazuri au mabaya, Mama asiambiwe."

Nilitaka kumjibu kwamba wewe ni mama yake, kwamba utakonda kwa kusubiri. Nimemkubalia.

Kwa hiyo Mama, usinipigie kuniuliza, wala usimtume Mama Mdogo. Kaa salama, nywa dawa zako za presha.

Bintiyo,
Mama Elia