Viatu vya Citoyen Ngoy

Jumatatu, tarehe 3 Oktoba 1977

Mwalimu Jérôme ametupa kazi ya historia. Tangu uhuru, zone yetu, wilaya hii ya Kalemie, imesemewa na nani kule Kinshasa? Tuulize wazee wa nyumbani. Kitabu hakuna. "Historia hii iko bado vinywani mwa watu," alisema. Atakayeandika vizuri kuliko wote atasoma mbele ya watu Jumapili, kwenye mkutano wa wagombea.

Uchaguzi ni tarehe 15. Mara ya kwanza tutachagua kati ya watu wengi, wote wa chama kimoja. Na mmoja ni mwanamke! Mama Marceline, mzalishaji wa maternité, hospitali ya wazazi. Mimi nilizaliwa mikononi mwake, na nusu ya darasa letu pia. Kwenye tangazo wameandika jina lake la Kizaire tu, kwa sababu majina ya ubatizo yamekatazwa. Lakini nani hapa anamjua kwa jina lile? Mimi pia shuleni siitwi Bertille.

Nina ombi moja, sijamwambia mtu. Nataka historia yangu iishie kwa jina lake.

Jumatano, tarehe 5 Oktoba

Nimemuuliza Papa aliporudi kutoka kazini, kwenye stesheni ya treni. Alivua kofia ya reli, akafikiri sana.

Kwanza, baada ya uhuru, kulikuwa vyama vingi na bunduki nyingi, na waliotusemea walibadilika kama mawimbi. Halafu 1970: liste moja, orodha moja ya majina kwa nchi nzima, unakubali au unakataa. Humo ndimo alimoingia Citoyen Ngoy (siku hizi kila mtu ni citoyen, raia), komiseri wa watu, yaani mbunge, wa zone yetu mpaka leo. Halafu 1975: waliwaita watu uwanjani, majina yakasomwa, watu wakapiga makofi. Basi, uchaguzi umekwisha.

– Na wewe Papa, ulipiga makofi?
– Nilikuwa nafukuza inzi. Wakaandika kama nimekubali.

Mama alicheka mpaka akaweka chini mwiko. Nikamuuliza yeye kama amewahi kumuona Citoyen Ngoy tangu siku ile.

– Mara moja. Nilinunua samaki ndagala sokoni, wakanifungia ndani ya gazeti. Sura yake ilikuwa juu. Alinenepa.

Nimeandika yote. Isipokuwa inzi. Halafu nikaandika na inzi.

Ijumaa, tarehe 7 Oktoba

Nimechaguliwa! Mimi ndiye nitakayesoma Jumapili! Rafiki yangu Virginie alinikumbatia mbele ya darasa zima.

Lakini baadaye Mwalimu Jérôme aliniita kando. Inzi watoke. Na ile sentensi, "tangu achaguliwe hajarudi kutupa habari", itoke pia. Nikauliza kama si kweli. Ni kweli, alisema, na ndiyo sababu. Mwaka huu mkoa wetu wa Shaba umeona vita, wakubwa wana masikio makali. Hakuwa na hasira. Aliangalia mlango.

Nimeifuta sentensi kwa gomu. Karatasi imebaki na alama, kama kidonda kilichopona vibaya.

Nyumbani nililia kidogo. Nkambo, mama yake Mama, alikuwa anachambua mchele. Alitaka kujua ninalia nini. Nilipomweleza aliniuliza jambo moja tu: huyo Ngoy, mama yake ni mtu wa ukoo gani? Kwetu ukoo unatoka kwa mama.

Mama anajua. Mama yake Ngoy alitoka kijiji cha Mpala, mtu wa ukoo wa Mvua.

Nkambo aliacha mchele. Alianza kucheka polepole, mabega yakitikisika. Sisi ni watu wa Udongo! Udongo na Mvua ni watani tangu mababu. Mtani anaweza kukutukana kwenye kilio cha baba yako, anaweza kubeba kuku wako au kofia yako, nawe unacheka tu na kukomboa kitu chako. Ukikasirika, wewe si mtu wa hapa tena.

"Wewe soma vile mwalimu anataka, mjukuu wangu," akasema. "Kinywa cha mutani hakifutwe na gomu."

Jumapili, tarehe 9 Oktoba

Nimerudi nyumbani nikiimba. Kwa furaha!

Uwanja ulijaa tangu misa ilipotoka. Wagombea wote walikaa kwenye jukwaa moja. Citoyen Ngoy katikati, kwenye kiti kikubwa, koti la abacost la kijivu, viatu vyeusi vinavyong'aa kama maji. Mama Marceline mwishoni kabisa, kwenye kiti cha shule.

Nilisoma. Karatasi niliishika kwa mikono miwili. Nilisoma vyama na bunduki, nikasoma liste ya 1970, nikasoma makofi ya 1975. Nilipofika mahali pa sentensi iliyofutwa nilinyamaza kidogo, sikutaka, pumzi ilikwisha tu. Watu wakaguna, "Mmmm." Citoyen Ngoy akapiga makofi, akasema mtoto huyu anasoma vizuri.

Ndipo nikamuona Nkambo anapanda jukwaani. Amevaa kikwembe, kitenge chake cha Pasaka! Alipiga magoti mbele ya Citoyen Ngoy kama anamuamkia. Yeye akatabasamu, akamwangalia mpiga picha. Nkambo akainama zaidi. Vidole vyake, vinavyofunga nyavu tangu utoto, vikafungua kamba za viatu. Kimoja. Cha pili. Alisimama, viatu viko ndani ya kikwembe, na komiseri wetu amebaki na soksi. Moja ina tundu!

– Ee mutani wangu wa Mvua! Viatu vizuri hivi, hata vumbi ya kwetu hakuna! Wewe ni mvua gani hainyeshake? Udongo tumekauka!

Uwanja ulipasuka kwa kicheko. Hata mwenyekiti wa mkutano alificha uso kwa kofia. Citoyen Ngoy peke yake hakucheka.

– Mama, rudisha viatu.
– Nitarudisha. Mutu akitoka safari, anatoa habari kabla ya kunawa mikono. Miaka yote hii uko safarini. Habari?

Angesema maneno mawili tu! Angesema hata "Nzuri kidogo, mutani, wewe mwizi!", watu wangempenda pale pale. Badala yake alitoa noti mfukoni, akamnyooshea. Watu: "Aaaah!" Noti ikabaki hewani, Nkambo hakuiangalia. Ndipo Citoyen Ngoy akakasirika. Alimwita askari. Akaamuru huyu muzee mwanamuke aondolewe mbele ya macho yake.

Kicheko kilikatika. Nilisikia bendera ikipigwa na upepo.

Askari alikuja, akasimama wima, akapiga saluti. Hakumgusa Nkambo.

– Citoyen commissaire – alisema kwa sauti ya chini, lakini sisi wa mbele tulisikia wote – huyu ndiye mutani wako.

Citoyen Ngoy alisahau! Amekaa huko mpaka amesahau watani wake. Nyuma yangu muuza samaki mmoja alisema polepole kwamba mvua hii ni ya kwingine sasa.

Halafu Mama Marceline akasimama. Hakumcheka mtu. Alivua viatu vyake mwenyewe, vile vyeupe vya maternité, akaviweka miguuni pa Nkambo.

– Mama, mimi si mutani wako, lakini chunga na hivi. Mukinituma Kinshasa, kila likizo nitakuja kuvikomboa kwa habari. Nisipokuja, vaa wewe.
– Ni vidogo! Nkambo akajibu.
– Basi nitarudi upesi, visikubane!

Makofi! Na leo hakuna aliyefukuza inzi.

Jumatatu, tarehe 10 Oktoba

Papa hakula asubuhi. Anaogopa watakuja kutuchukua.

Alikuja mtu mmoja tu, katibu wa chama, anataka viatu vya Citoyen Ngoy. Nkambo alimkaribisha vizuri, akampa kiti. Viatu hakumpa.

"Aje mwenyewe. Mutani hatume boyi."

Katibu alikunywa maji, akaondoka akikohoa. Nadhani alikuwa anacheka.

Jumamosi, tarehe 15 Oktoba

Wamepiga kura. Mimi bado mdogo, nimembebea Nkambo kigoda chake kwenye mstari. Mstari wa wanawake ulizunguka shule na kwenda mpaka njia ya bandari. Wengine walisimama na watoto mgongoni, watoto wa mikono ya Mama Marceline. Wengi walikuja bila viatu. Makusudi!

Jumatatu, tarehe 17 Oktoba

Kura za mji zimehesabiwa. Mama Marceline yuko mbele, mbali sana! Virginie amekuja mbio kuniambia, tumeruka mpaka mtungi umevunjika na Mama hakugomba. Zimebaki sanduku za Rutuku, za vijiji vya pwani. Mtumbwi wa motoro haujafika, ziwa limechafuka tangu jana. Mwalimu Jérôme anasema tusiandike jina bado. Nimeacha mstari mweupe chini ya karatasi. Ila ile sentensi niliyoifuta nimeiandika tena, kwa wino, na yeye ameiona. Hakuangalia mlango.

Saa hizi niko kizingitini, naandika upesi.

Citoyen Ngoy amekuja. Peke yake, kwa mguu, bila katibu. Mlangoni amevua sandali. Papa amesimama kama mbele ya treni. Nkambo hakusimama. Amemwonyesha mkeka. Viatu vyeusi viko kando yake, amevipiga rangi wiki nzima, na vile vyeupe viko karibu.

– Mutani.
– Mutani.
– Habari ya safari? Nkambo akauliza.

Aliangalia viatu vyake, halafu mlango. Nilidhani ataondoka. Halafu akasema, "Ya mingi, mama. Sijue nianzie wapi." Nkambo akamwambia aanzie alipopanda ndege.

Basi anasema. Hakuna anayemkatiza. Alipokelewa wapi, aliomba nini kwa ajili ya bandari, walimjibu nini, lini aliacha kuomba. Sauti imekuwa ya mtu wa Mpala kabisa. Virginie amenyoosha kidole ziwani: kuna kitu cheusi kinakuja, labda mtumbwi, labda hapana.

Mama ameleta beseni la kunawa. Nkambo amemwonyesha kwa kichwa aliweke pembeni.

Habari zake zimefika mwaka 1972.