Kovu la Bibi Yako

Mjukuu wangu Neema,

Huku Ipogolo tunaamka salama, na shangazi yako amevuna mahindi. Ila nyumba inanipwaya tangu tumzike bibi yako. Umeniuliza kama ufute kovu la kwenye paji la uso wake katika picha, jinsi mnavyofundishana kwenye kundi lenu la kupamba picha kwa simu.

Ujanani nilifanya kazi studio ya picha, Mbeya. Mama mmoja kutoka Chimala alileta picha ya marehemu mwanawe, tuikuze. Nikaona nimsaidie: kabla ya kuikuza, nikaikwangua kwa wembe alama ya kuungua shavuni. Alipokuja aliitazama sana, akasema taratibu, "Kaka, huyu simjui." Hakuwa na picha nyingine.

Liache kovu hilo, Neema mama. Kila asubuhi nikishika picha ya bibi yako, kidole changu huanzia hapo.

Babu yako