Kona Nisiyoiona

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu, nyingi kuliko karatasi hii inavyoweza kubeba. Hujambo wewe, na shemeji, na wapwa zangu wawili? Nasikia yule mkubwa ameota ndevu tatu na hapiti penye kioo bila kuzihesabu. Mwambie mjomba wake alianza na mbili. Hapa kwetu wifi yako anakusalimu sana. Binti yetu amejua kusoma, na tangu hapo nyumba haina amani, kila kibao cha duka lazima atusomee sote tusimame tusikilize. Ama mimi, nikikuandikia kwamba sijambo nitakuwa nakudanganya, na sikukaa kitako kuandika ili nikudanganye.

Utajiuliza barua ya nini wakati simu ipo. Ni kwa sababu kuna jambo ambalo kila nikiligusa kwenye simu unaniambia mtandao mbaya, mara simu inakatika. Kwa hiyo nimeamua kuandika. Nakuomba uisome mpaka mwisho, hata ukifika mahali ukatamani kuichana.

Kazi yangu unaijua kwa juu juu tu, ngoja nikueleze. Ofisi yetu inafundisha usalama kazini, viwandani na kwenye maghala. Wakufunzi huenda na projekta, wakaonyesha slaidi ukutani: mashine hii usiitie mkono, ngazi ile usiipande bila mkanda. Mimi ndiye mtengenezaji wa slaidi hizo. Mwaka huu tumeletewa mkurugenzi mpya, na wenyewe tunamwita Bwana Nembo, maana kitu cha kwanza alichobadilisha kilikuwa nembo ya ofisi, hata kabla hajajua vyoo viko wapi. Alikuta kila mkufunzi ana slaidi za rangi anayoipenda, mmoja kaweka maua pembeni kama kadi ya harusi. Akaagiza mawasilisho yote ya zamani yageuzwe violezo. Kiolezo, dada, ni slaidi iliyoondolewa maneno ikabaki umbo lake: nembo, rangi, na visanduku vitupu. Mtu anakifungua, anajaza habari zake, anakwenda kazini. Mawazo yake hayakuwa mabaya. Ila mawasilisho yalikuwa mamia, yamerundikwa kwenye folda moja kama nguo zinazongoja kufuliwa.

Kazi ile tulipewa wawili, mimi na jirani yangu wa meza, Mama Pacha. Huyu amezaa mapacha mara mbili, na mwenyewe husema hajui kufanya kitu kimoja kimoja. Lakini hapo ndipo alipotaka tuende kimoja kimoja: tugawane faili, tufungue, tufute, tukague, tuhifadhi. Nikamwambia ya nini kujitesa, ipo programu inayogeuza folda nzima kwa mkupuo. Unaichagulia folda, unaiambia unataka aina gani ya faili, unabonyeza, unakwenda kunywa chai. Nikajitolea kuifanya yote mimi, na kukagua nikague mimi. Alinishukuru mpaka nikaona haya, na kesho yake akaniletea karanga za kukaanga kwenye kikopo. Alidhani namhurumia kwa ajili ya wale watoto wanne. Mimi nilikuwa na sababu yangu nyingine, nitaifikia.

Programu ilifanya kazi yake. Tatizo ni kwamba haijui lipi ni neno na lipi ni pambo. Maneno ya kwenye visanduku iliyafuta. Yale yaliyoandikwa kwenye slaidi mama, ile ambayo slaidi nyingine zote zinarithi sura yake, iliyahesabu kuwa ni sehemu ya sura, ikayaacha. Nililijua hilo tangu mwanzo, na ndiyo maana ya kukagua. Na nilikagua, dada, Mungu shahidi yangu. Nilifungua kiolezo kimoja kimoja, nikakitazama, nikaandika pembeni ya jina lake kwamba kimekaguliwa. Bwana Nembo akanisifu mbele ya watu, akawaambia wengine wajifunze kwangu. Nikacheka na wenzangu.

Sasa sikiliza yaliyofuata. Kuna kiwanda ambacho mfanyakazi wake alikamatwa na mashine akafa. Ofisi yetu ilichunguza. Mwanzoni, kabla habari hazijakamilika, wakufunzi waliambiwa kwamba marehemu alijitakia mwenyewe, na wasilisho lenye maneno hayo likabaki kwenye ile folda niliyokuja kuigeuza. Baadaye ikajulikana kwamba kinga ya mashine ilikuwa imeng'olewa kwa amri ya wakubwa wa kiwanda ili kazi iende mbio. Ukaitishwa mkutano, familia ikaalikwa, wakubwa waombe radhi na ofisi yetu ieleze mafunzo mapya. Mwasilishaji alikuwa Mama Pacha. Asubuhi ile alichukua kiolezo kwenye folda yangu, akaona kimeandikwa kimekaguliwa, akajaza maneno yake haraka, akatoka.

Mimi nilikuwa nimekaa nyuma ukumbini. Mjane alikaa mbele pamoja na mkwewe, mzee mmoja mrefu aliyeshika kofia mapajani. Mama Pacha alizungumza vizuri, kwa upole, mgongo kaupa ukuta kama tunavyofundishwa. Baada ya slaidi ya tatu au ya nne nikaona mjane anainuka. Nilidhani anakwenda nje kulia. Akaenda moja kwa moja mpaka ukutani, akaweka kidole chini kwenye kona, akasoma kwa sauti, polepole, kama binti yangu anavyosoma vibao: "Ajali iliyotokana na uzembe wa marehemu." Mama Pacha akashtuka, akabonyeza slaidi nyingine. Maneno yakawa pale pale. Akabonyeza nyingine. Pale pale, maana yalikuwa kwenye slaidi mama. Mjane akamgeukia akamuuliza, bila kupandisha sauti, "Mmeniita nije nisome hili?" Akamshika mkwewe mkono wakatoka. Mzee alisahau kofia kwenye kiti.

Kule ofisini ilitafutwa shingo ya kufunga lawama. Nilipoulizwa nilisema kiolezo kilitoka kwangu kikiwa safi, na sikuwa nasema uongo, ndivyo nilivyoamini. Wakaona basi Mama Pacha atakuwa alichukua faili la zamani akalipaka rangi mpya. Yeye hakubishana. Alisema alikifungua mwenyewe na alipaswa kuona. Akaambiwa akae nyumbani mpaka aitwe. Wakati anakusanya vitu vyake alinitazama mara moja tu, kisha akachukua kikopo chake cha karanga akaondoka.

Nilikifungua kile kiolezo kwenye kompyuta yangu ili nithibitishe kwamba ni safi. Nikakitazama sana. Safi. Nikamwita mama wa mapokezi, mtu mzima asiyekuwa na upande wowote katika ugomvi ule, nikamwambia njoo uwe shahidi wangu. Akainama, akaniambia, "Si haya hapa." Nikamuuliza wapi. Akaweka kidole kwenye skrini. Nikakiona kidole, maneno sikuyaona. Akadhani namfanyia mzaha. Ilinibidi nigeuze kichwa kizima, kama kuku anayechungulia punje, ndipo maneno yale yakajitokeza, ya kijivu, madogo, yote yako mahali pake. Mama wa mapokezi aliacha kucheka. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, huoni?"

Nimefika kwenye sababu yangu. Dada, ni zaidi ya mwaka sasa macho yangu yananiacha. Yanaacha pembeni kwanza. Mbele naona, nasoma, ndiyo maana niliweza kumdanganya kila mtu, na mimi mwenyewe nikiwemo. Lakini milango inanigonga mabega, viti vinanikwaza, taa nikiitazama ina duara la rangi kama upinde wa mvua. Kukaa na mamia ya mafaili nikitafuta neno kila kona kulikuwa kukinipasua kichwa, ndipo nikaikimbilia programu. Sikumwambia mtu yeyote. Nani anaweka kazini mtengeneza slaidi asiyeona? Nilijiambia ni uchovu, nikanunua miwani ya barabarani, nikamwambia wifi yako kwamba nimekuwa mzembe wa kutazama ninakokwenda.

Nilikwenda kwa Bwana Nembo nikamweleza yote. Hakuniamini, alidhani namkingia kifua Mama Pacha. Aliniuliza kama namwambia kwamba nilikagua kazi ya ofisi nimefumba macho, nikamjibu haiko mbali na hivyo. Alinitazama machoni, kisha akampigia Mama Pacha simu mbele yangu, akamtaka radhi, akamwambia arudi. Mimi akaniambia nipumzike kwanza. Dada, mtu wa ofisi akishaambiwa apumzike, anajua kiti chake kinatazamwa na nani.

Mimi na Mama Pacha tulikwenda nyumbani kwa mjane, tukiwa na ile kofia. Hakufungua mlango. Tulisema tuliyokwenda kusema tukiwa tumesimama nje kama wachuuzi, mimi nikaeleza kwamba kosa ni langu na la macho yangu. Akatujibu akiwa ndani, "Nimesikia. Nendeni." Kofia tuliiacha dirishani. Njiani Mama Pacha alinishika mkono kila tulipofika penye mtaro, akasema hajanisamehe bado, ila hataki nivunjike mguu.

Kisha nikaenda kwa daktari wa macho. Alinipima kwa mashine, akasema ni presha ya macho, haiumi, haipigi hodi, inakula pembeni mpaka inafika katikati. Kilicholiwa hakirudi. Kilichobaki kinaweza kulindwa kwa dawa ya matone kila siku, na pengine upasuaji. Nilimuuliza kitabaki kwa muda gani, akasema hawezi kuniahidi. Dada, nililia pale kwenye kiti chake kama mtoto. Nina mke, nina mtoto anayetaka nimtazame akisoma, na kazi ninayoijua ni ya macho tu. Asubuhi nikiamka, kabla sijafumbua, naogopa kufumbua.

Nilipoaga, daktari akanizuia. Akasema tangu nilipoingia alininyooshea mkono wa salamu nami nikaupita, na sasa tena ameunyoosha. Nikatazama chini upande wa kushoto, kweli mkono upo, unaningoja. Akaniuliza kama kwetu kuna mzazi aliyekuwa hivi, maana ugonjwa huu hutembea katika damu. Nikafungua mdomo nimjibu hapana. Nikamkumbuka baba.

Dada, usiikunje barua. Siku ya harusi yako ulikaa ndani ya gari, ukatoa mkono dirishani umuage baba, na baba akiwa pembeni ya mlango akatazama mbele tu, gari likaondoka na mkono wako ukiwa hewani. Watu waliona. Ukasema hakumtaka mume wako na amekuaibisha mbele ya ukoo wa watu. Hukumtembelea tena, hata alipougua, na ulipokuja tulikuwa tumeshamzika. Mimi siku ile nilikuwa nimesimama naye. Gari lilipokata kona aliniuliza, "Mbona dada yako ameondoka bila kuniaga?" Nilidhani anajifanya, na kwa kuwa nilikuwa upande wako sikumjibu. Hakuuliza tena. Lakini kumbuka, mtu yule alikuwa akigonga miimo ya milango, watu wakisema ana maringo kwa sababu aliwapita njiani bila salamu, mama akimgombeza kwa kumwaga maji. Tulidhani sote ni kiburi. Baba hakuuona mkono wako. Mpaka anakufa aliamini wewe ndiye uliyekataa kumuaga.

Nimekuandikia haya nikijua yatakuumiza, na kama yangekuwa ya kukuumiza tu ningekufa nayo. Lakini mwezi uliopita mwanao alinieleza kwa kicheko kwamba umekwaruza gari kwenye geti mara ya pili, na kwamba unalalamika taa za barabarani zina miduara. Daktari anasema ndugu wa tumbo moja ndio wa kwanza kupimwa. Nakupigia magoti, nenda. Usingoje kuumwa, hakuumi. Wapeleke na watoto. Mimi nimechelewa, wewe pengine bado.

Nisalimie shemeji na wanao, kila mmoja kwa jina lake la utani. Wifi yako anasema njooni, nyumba ni ndogo ila mtabanana. Na ukija, dada, mimi nitakuwa nje ya geti nakungoja. Ukiniona nimetazama kwingine usikasirike, sogea mbele yangu unishike mkono.

Mimi mdogo wako akupendaye,
Kibogoyo