Kamati Mbili, Kikomo Kimoja

Jumatatu, 8 Aprili 2024

Barua ya tume ya uchaguzi imefika kutoka Washington. Nimeisoma nimesimama, koti bado mwilini.

Kamati yetu ilimchangia Corinne Aamodt, mgombea wa bunge la taifa, dola elfu tano kwa kura ya mchujo. Kamati ya kina Orrin, ya ushirika wa pili, nayo elfu tano. Sasa tume inauliza: hizi kamati mbili si ndugu? Maana kamati zilizoanzishwa au zinazoendeshwa na watu walewale huhesabiwa moja. Kikomo kimoja — elfu tano, basi. Tukiwa ndugu, Corinne arudishe nusu.

Nikampelekea Verlyn ghalani. Kaka yangu ndiye mwenyekiti wa ushirika wa wakulima. Mimi mweka hazina wa kamati yake ya michango. Alikuwa chini ya mashine ya kupandia viazisukari, miguu tu inaonekana. Nikamsomea.

“Ndugu?” akasema kutoka kule chini. “Waandikie kwamba Orrin aliuvunja huu ushirika akaenda na nusu ya wanachama. Miaka kumi na moja hatusalimiani. Huo ni undugu gani?”

Tumezaliwa tumbo moja, mimi, yeye na Orrin. Sikumkumbusha. Nikampa spana.

Jumanne, 9 Aprili

Nimempigia mwanasheria, Bi. Brandvold wa Fargo. Salamu hazimo katika sheria, anasema. Wanachotazama: nani alianzisha nini, kama kuna wanachama wa pande zote mbili, nani anamwamuru nani. Wanapima yote kwa pamoja.

“Na je, kuna mtu anayefanya kazi za kamati zote mbili?”

Nikahamishia simu sikio la pili.

“Marlys, bado upo?”

Nipo, nikasema.

Alhamisi, 11 Aprili

Kwa LeAnn, kama kila Alhamisi. Verlyn anadhani nipo kwenye mazoezi ya kwaya. Mungu anisamehe, hata sauti sina.

LeAnn ni binti ya Orrin. Walipomtwika uweka hazina wa kamati yao miaka mitatu iliyopita alinipigia simu akilia, fomu zimemshinda. Nikaenda mara moja tu, nimwonyeshe. Tangu hapo kila ripoti ya kamati yao imepita mikononi mwangu.

Nilimwambia swali la mwanasheria. Akaacha kumlisha mtoto.

“Shangazi, si tuseme tu hapana? Nani atajua?”

“Chini ya jibu letu kutakuwa na sahihi yangu. Ukisaini uongo kwa serikali, ni kesi.”

“Na Baba Mkubwa Verlyn akijua?”

Kesi naiogopa kidogo. Verlyn namwogopa zaidi.

Jumapili, 14 Aprili

Nimemwambia Verlyn. Baada ya ibada, ndani ya gari lake, ili asipate pa kwenda.

“Kila ripoti?”

“Kila ripoti. Na kila Alhamisi.”

Tukapita kona ya kwangu, hakukata. Maili mbili, tatu. Mashamba meusi pande zote, maji bado yametuama. Nilisubiri anitukane.

“Huyo msichana,” akasema mwishowe. “Hajambo?”

“Hajambo. Mtoto wa pili atazaliwa Agosti.”

“Wa pili?”

Hakujua kuna wa kwanza. Akageuza gari.

Jumatatu, 15 Aprili

Nimeandika ukweli na kutia sahihi. Bi. Brandvold anaona tutahesabiwa kamati moja. Bora turekebishe wenyewe kabla hatujaambiwa.

Corinne amepiga simu. Aliwahi kuwafundisha watoto wa nusu ya mji huu, na sauti yake bado ni ya darasani, ya upole. Matangazo ya redio atayafuta apate hizo fedha, si neno. Anataka tu kujua arudishe za nani.

Verlyn: “Arudishe zao.”

Orrin, kupitia LeAnn: “Mwambie arudishe za Verlyn. Sisi tulitangulia.”

Kweli walitangulia, kwa siku nne. Nimechoka kuwa posta. Nikawaambia wote wawili: Jumatano, saa nne asubuhi, jikoni kwangu. Mnywe kahawa msinywe, shauri yenu.

Jumatano, 17 Aprili

Wamekuja. Naandika hapa pembeni, wao wanadhani ni kumbukumbu za kikao.

Orrin amezeeka. Alikaa ncha ya mbali ya meza, kofia magotini.

“Umeanza kupanda?” Verlyn, akiliangalia dirisha.

“Bado. Udongo mbichi.”

“Kwangu vilevile.”

Nikaweka karatasi katikati yao. Nusu kwa nusu, nikapendekeza: kila kamati irudishiwe elfu mbili na mia tano. Wakatikisa vichwa kukubali, haraka haraka, kama watu wanaotaka kuondoka. Orrin alikuwa ameshainuka.

“Kuna jambo jingine,” nikasema. “Mkihesabiwa kamati moja, si kwa Corinne tu. Kila mgombea wa bunge la taifa, itabidi mkubaliane kwanza nani atoe kiasi gani.”

“Kila uchaguzi?” Orrin.

“Kila uchaguzi.”

“Tuandikiane barua,” Verlyn akasema.

“Nani azipeleke? Mimi siendi tena.”

Orrin amekaa chini. Amemwangalia kaka yake, mara ya kwanza tangu aingie.

“LeAnn anasema umeuliza habari zake,” amesema.

Verlyn anazungusha kikombe kitupu. Kalamu ya kutia sahihi iko juu ya karatasi, hakuna aliyeigusa. Naona ananitazama mimi, kana kwamba ni mimi ninayepaswa kujibu. Namwonyesha Orrin kwa kidole: mimi si posta tena.